Daftari na Shamba: Waarabu na Wahindi wa Bagamoyo

Wageni wawili wakifika mji mmoja kwa upepo mmoja, na baada ya miaka mia wa kwanza akawa na maduka katika miji kumi, na wa pili akabaki na minazi yake na makaburi ya wazee wake, wasemaji hawakosi sababu. Watasema wa kwanza ni mchumi na wa pili ni mbadhirifu. Au wa kwanza ana damu ya biashara na wa pili ana damu ya ubwana. Sababu za namna hii ni nyepesi kutamka na tamu kusikia, na kwa muda mrefu zimetumika katika pwani yetu kueleza tofauti ya hali baina ya Wahindi na Waarabu. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 vimejaa sababu hizo, na katika mabaraza ya mitaani hazijaisha hata leo. Makala haya yakusudia kuzipima kwa kipimo cha mji mmoja, Bagamoyo, pamoja na pwani iliyo kaskazini yake mpaka Saadani na Pangani.

Rai nitakayoitetea ni hii. Tofauti ya jamaa hizo mbili ilitokana na aina ya mali waliyoishika. Mali ya Mwarabu ilikuwa ardhi na watu. Mali ya Mhindi ilikuwa deni lililoandikwa katika daftari. Wala hawakuzichagua aina hizo kwa hiari tupu: dola na sheria za zama zao zilimsukuma kila mmoja upande wake. Mji ulipopoteza biashara yake, mali moja iliweza kusafiri, na nyingine ilikuwa na mizizi.

Mji na Njia Yake

Bagamoyo si mji wa kale kama Kaole, ambao magofu yake ya misikiti na makaburi, yaliyo kilomita chache kusini, yaturudisha nyuma hata karne ya 13. Kabla ya kuja wageni tunaowazungumza palikuwa na wenyeji: Washomvi, waliotoa majumbe wa mji, na Wazaramo, Wakwere na Wadoe wa bara ya karibu. Majumbe walipokea ada kutoka kwa misafara, na mgeni aliyetaka kuketi kwa amani hakuwa na budi kupatana nao. Neno hili yafaa likumbukwe tangu mwanzo, maana mara nyingi habari za Waarabu na Wahindi husimuliwa kana kwamba walishuka katika nchi tupu.

Kilichoukuza mji ni mahali pake. Unguja ilikuwa ng'ambo ya mkondo, safari fupi kwa jahazi. Na nyuma ya mji ilianza njia ndefu ya Unyanyembe na Ujiji, masafa ya kiasi cha kilomita 1,200. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu na ngozi, na pamoja nazo watumwa. Kutoka misitu ya karibu ilikuja sandarusi, na baadaye mpira. Kutoka pwani zilipanda nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliingia mjini kwa maelfu, wakapumzika, wakapata mizigo ya kurudia. Bahari ya Bagamoyo ina kina kifupi, na maji yakipwa chombo huketi mchangani. Kwa jahazi jambo hilo halikuwa na dhara. Zama za meli za moshi ndilo lililokuja kuuponza mji.

Mali ya Ardhi na Watu

Waarabu wa Omani hawakuwa wageni wapya katika pwani hii. Mwaka 1698 walikuwa wamewatoa Wareno katika ngome ya Mombasa. Walakini kuja kwao kwa wingi ni jambo la karne ya 19, zama za Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 mpaka 1856, na ambaye karibu na mwaka 1840 aliyahamishia makao yake Unguja. Dola ilipohama, jamaa za Omani zilihama nayo. Unguja na Pemba zikapandwa karafuu. Ng'ambo, katika Mrima, Waarabu walipanda minazi kuizunguka Bagamoyo, na katika bonde la mto Pangani walilima miwa na kusaga sukari. Kazi yote hiyo ilitegemea mikono ya watumwa.

Mwarabu alikuwa mtu wa dola au karibu na dola. Liwali alikuwa wa kabila lake, na askari wa Kibulushi walikuwa chini ya Sultani wake. Kwa hiyo alipata ardhi kwa wepesi, akaweza kuilinda, na sheria za nchi zilimruhusu kumiliki watu. Kwa mtu wa hali hiyo shamba lilikuwa mali yenye akili. Lilimpa chakula, lilimpa nazi za kuuza, na zaidi ya yote lilimpa heshima. Utajiri wake ulionekana kwa macho: nyumba ya mawe, mlango wa nakshi, wafuasi barazani. Nyumba aliyoijenga Abdallah Marhabi Bagamoyo karibu na mwaka 1860, ambayo Wajerumani waliigeuza boma lao, ingali imesimama na watu huiita Ngome Kongwe.

Tena mali hiyo ilimfunga na wenyeji. Waarabu wengi walikuja bila wake zao. Walioa katika mji au waliweka masuria, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru, akachukua jina la baba. Watoto hao walikua wakisema Kiswahili kwanza. Wazee walikuwa Maibadhi. Vizazi vilivyofuata vingi vilisali pamoja na Mashafii wa mji. Katika vizazi viwili au vitatu, Mwarabu wa Bagamoyo alikuwa na shangazi Mshomvi na binamu Mzaramo, na mpaka kati yake na Mswahili ulikuwa mwembamba sana.

Mali ya Daftari

Wahindi nao walikuwa na historia ndefu katika bahari hii, na wao vilevile waliongezeka kwa sababu ya dola ya Seyyid Said. Wengi walitoka Kutch na Kathiawar, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi: Mabaniani wa dini ya Kihindu, Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, na Mabohora. Seyyid hakuwaita kwa mapenzi tu. Alihitaji watu wenye fedha taslimu na wenye kujua hesabu. Tangu miaka ya 1830 ushuru wa forodha zake aliukodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, Baniani wa Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa, kisha ikakusanya ushuru kwa faida yake, na mawakala wake wakakaa katika bandari za Mrima. Baadaye, katika miaka ya 1870, kazi hiyo iliingia pia mkononi mwa Taria Topan, Khoja aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Unguja.

Hapa pana tukio ambalo katika masimulizi ya kawaida hupitwa haraka. Mwaka 1860 balozi wa Kiingereza Unguja, Rigby, aliwatangazia Wahindi ambao serikali yake iliwahesabu kuwa chini ya himaya yake kwamba ni haramu kwao kumiliki watumwa, akawatoa watumwa waliokuwa mikononi mwao na kuwapa hati za uhuru. Maana yake katika uchumi ilikuwa kubwa. Mhindi hakuweza tena kuendesha shamba kwa njia ambayo kila mwenye shamba wa wakati ule aliiendesha. Mlango mmoja wa mali ulifungwa, na fedha zake zikazidi kuelekea mlango uliobaki wazi, yaani mkopo. Wala tusidhani kwamba kwa amri hiyo aliepukana na faida ya utumwa. Pembe alizonunua na karafuu alizozipima zilitoka katika jasho la watumwa wa watu wengine. Amri ile ilibadili jina la mwenye mtumwa. Faida iliendelea kupita daftarini.

Mkopo huo ulikwenda kwa ngazi. Nyumba za biashara za Kizungu na za Kimarekani zilizokuwa Unguja ziliwapa matajiri wa Kihindi bidhaa kwa ahadi. Matajiri hao wakawapa mawakala wao wa Bagamoyo. Na mawakala wakawapa wenye misafara. Mwenye duka dogo la kona naye alikuwa katika ngazi hiyo hiyo, akidaiwa juu na akidai chini. Waswahili husema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa Mhindi wa Bagamoyo methali hiyo yaweza kusomwa kwa kina zaidi: daftari lenyewe ndilo lililokuwa mali. Lilikuwa jepesi. Mtu angeweza kulichukua kwapani akapanda jahazi.

Katika mambo ya nyumbani Mhindi alifuata njia nyingine. Hasa Makhoja na Mabohora walikuja na wake zao, au waliwaleta baadaye, wakaoana wao kwa wao na kuunda jamaa yenye mahali pake pa ibada, wazee wake na mfuko wake wa kusaidiana. Kijana aliyetoka Kutch mikono mitupu alipokewa na mtu wa jamaa yake, akapewa kazi, akafunzwa hesabu, kisha akapewa bidhaa za kuanzia. Mfuko huo ulikuwa chuo na benki kwa pamoja. Gharama yake ilikuwa umbali: Mhindi alikaa mjini miaka hamsini naye bado alihesabiwa mgeni.

Fungamano la Deni

Ingekuwa makosa kuziweka jamaa hizo mbili kama mbio za watu wawili katika njia mbili. Walikuwa katika chombo kimoja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye twamjua kwa jina la Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili ataja wazi bidhaa alizokopa kwa Taria Topan ili kuingia bara. Msafara ulichukua mwaka, miaka miwili, hata zaidi, na hapakuwa na Mwarabu wa kawaida mwenye fedha ya kungoja muda huo. Basi mmoja alitoa bidhaa, na mwingine alitoa safari na roho yake, na pia roho za wapagazi na za watu wa bara ambao wengi wao hawakuulizwa.

Riba ni haramu katika Uislamu, na kwa sababu hiyo mikopo mingi ilivikwa vazi la mauzo. Njia iliyojulikana sana Unguja na Mrima ni bei khiyari. Mdaiwa alimwuzia mdai shamba lake kwa sharti la kulikomboa katika muda uliotajwa, na hapo katikati aliendelea kukaa ndani yake akilipa kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Mwaka ukiwa mzuri, shamba lilirudi. Msafara ukipotea au bei ikianguka, deni lilifanywa upya na kuongezwa. Kukopa harusi, kulipa matanga: wenye mashamba wengi waliijua methali hii mwilini mwao.

Lakini tazama jambo moja. Mkopeshaji wa Kihindi mara nyingi hakutaka kulitwaa shamba. Angelifanyia nini, naye amekatazwa kuwa na watumwa wa kulilima? Ilimfaa zaidi mwenye shamba abaki, alime, auze mazao kwake, na alipe kidogo kidogo. Hivyo minazi iliendelea kuitwa ya fulani bin fulani, huku sehemu kubwa ya matunda yake ikiandikwa kwa Kigujarati katika daftari la mtu mwingine. Msafiri aliyemwona mwenye shamba barazani akinywa kahawa alisema huyu ni mvivu. Na aliyemwona mwenye duka akihesabu vipande vya nguo usiku alisema huyu ni bahili. Yeye aliona nafasi mbili za deni moja, akazipa majina ya tabia.

Vita vya Pwani

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kutawala pwani kwa mapatano na Sultani Khalifa, na katika muda wa majuma machache pwani yote iliwaka. Kiongozi aliyejulikana zaidi ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya Pangani. Saadani ilikuwa na Bwana Heri bin Juma. Wajerumani waliviita vita vya Waarabu, nalo ni jina la kupotosha, kwa kuwa majumbe, Waswahili na watu wa bara ya karibu walipigana kwa wingi na kwa sababu zao wenyewe. Hata hivyo jina hilo latuonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye kupoteza. Forodha, uliwali na haki ya ardhi vilikuwa nguzo za mali ya Kiarabu, na kampuni ilizishika zote tatu.

Wahindi wengi wa Bagamoyo walivuka kwenda Unguja. Walipata hasara ya maduka na madeni, lakini daftari na jamaa zao vilikuwa ng'ambo, na amani iliporudi nao walirudi. Mwenye shamba hakuwa na ng'ambo ya kulipeleka shamba lake. Mei 1889 Wissmann aliivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Na mwaka 1890 Bwana Heri alisalimu amri. Mwaka huo huo Sultani aliiacha pwani kwa malipo ya mark milioni 4. Hapo Mwarabu wa Mrima alipoteza dola iliyokuwa mgongo wake. Wajerumani waliwatumia Waarabu kadhaa kama maliwali na maakida, lakini liwali wa Mjerumani alikuwa mtu wa mshahara. Hakuwa mshirika wa dola.

Reli Ilipopita Kusini

Mapigo mawili yaliyofuata hayakuwa na kelele za mizinga. La kwanza ni kufifia kwa utumwa. Wajerumani hawakuufuta kwa mara moja. Waliweka njia za kujikomboa, kisha wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru. Waingereza ndio waliofuta hali ya utumwa Tanganyika mwaka 1922. Mwaka baada ya mwaka shamba lilibaki bila mikono. Mtumwa wa jana aliondoka, au alidai kipande chake mwenyewe, au alikwenda kutafuta mshahara. Hiyo ilikuwa haki yake, na mwanahistoria hana sababu ya kulia na bwana. Lakini katika hesabu ya mali, nusu ya mali ya mwenye shamba ilikuwa ni watu, nao watu walijirudisha wenyewe.

Pigo la pili ni kuhama kwa njia. Mwaka 1891 makao ya serikali yalihamishiwa Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 70 kusini, kwenye bandari yenye kina cha kupokea meli za moshi. Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa kutoka huko. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilipita sambamba na njia ya misafara, ikaimaliza. Mpagazi hakuwa na haja tena ya kushuka Bagamoyo.

Wahindi waliifuata biashara. Mfano ulio wazi ni Allidina Visram. Alizaliwa Kutch mwaka 1851, akaja Bagamoyo akiwa kijana mdogo, akafanya kazi kwa tajiri Sewa Haji Paroo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari kufungua matawi katika miji ya bara. Na reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa, aliifuata, akaweka maduka kuelekea Ziwa na Uganda. Alipofariki mwaka 1916 jina lake lilikuwa kubwa Mombasa na Kampala kuliko Bagamoyo, mji uliomfunza kazi. Huyu alikuwa tajiri mkubwa, lakini mamia ya wenye maduka madogo walifanya jambo lile lile kwa kipimo chao: walifunga duka, wakachukua daftari na barua ya mdhamini, wakafungua duka penye stesheni. Mwarabu mwenye minazi 300 hakuwa na stesheni ya kuipeleka minazi hiyo. Alibaki, akauza nazi na mbata kwa bei aliyopewa.

Ushahidi wa Wamanga

Msomaji mwangalifu atauliza: je, pengine ni tabia bado, na mali ni kisingizio tu? Jaribio zuri la swali hilo tunalo. Baada ya dola ya Kiarabu kuanguka pwani, Waarabu wengine waliendelea kuja kutoka Omani, watu maskini ambao pwani huwaita Wamanga. Na kutoka Hadhramaut walikuja Washihiri. Hawa hawakukuta ardhi ya bure, wala uliwali, wala watumwa. Walianza na kahawa ya birika, samaki wakavu, kuchukua mizigo, kisha duka dogo. Katika zama za Waingereza wengi wao waliingia bara, wakaweka maduka mahali ambapo hata Mhindi hakutaka kukaa, wakaandika madeni ya wakulima na kulala nyuma ya duka. Ni Waarabu kama wale wa mashamba, kwa lugha, dini na nasaba. Walipofika katika mlango ule ule aliokuwa amefika Mhindi, walifanya kama Mhindi.

Kwa upande wa pili, si kila Mhindi alitajirika. Mwenye duka la kijijini mara nyingi hakuwa na chake. Bidhaa zote zilikuwa za tajiri wake, na mvua ikikosekana deni lilimwangukia yeye. Majina kama Sewa Haji na Allidina yameng'aa hata yakawaficha hao.

Kufaulu ni Nini?

Mpaka hapa nimepima kwa fedha. Kipimo hicho si kibaya, bali ni kifupi. Tukipima kwa hali ya watu, yaani kuoana, lugha, dini na kukubaliwa, mizani yageuka. Mwarabu wa Bagamoyo alipoteza mali, na katika kuipoteza akawa mwenyeji kamili. Mhindi alihifadhi mali na jamaa yake, na akahifadhi pamoja nayo ugeni wake.

Hata hivyo hesabu hii haina mstari ulionyoka. Sewa Haji, ambaye hakuwa Mswahili wala Mwarabu, aliipa serikali ya Kijerumani nyumba Bagamoyo iwe shule kwa sharti kwamba ipokee watoto bila kubagua kabila. Na kwa fedha zake ilijengwa Dar es Salaam hospitali iliyochukua jina lake, ambalo lingali likisikika katika wodi ya Muhimbili. Umbali wa kindoa haukumzuia kuona mahitaji ya mji. Na kwa upande wa Waarabu, sheikh aliyeupa mji wa Bagamoyo sifa kubwa ya dini katika karne ya 20 hakutoka katika koo za mabwana. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya ukoo wa al-Lamki. Alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na mpaka alipofariki mwaka 1931 watu wa koo zote walikaa mbele yake kumsikiliza. Tukiuliza ni jamaa gani ya wageni iliyofaulu Bagamoyo tukasahau kwamba watu wa Manyema nao walikuja kutoka mbali, tena kwa kamba shingoni, tutakuwa tumelipunguza swali kabla ya kulijibu.

Hesabu ya Mwisho

Tabia ikitumiwa badala ya historia, madhara yake huvuka mipaka ya darasa. Januari 1964 Unguja, watu waliuawa na kufukuzwa kwa jina la Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo Wamanga maskini ambao hawakuwahi kuwa na shamba wala mtumwa. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda kwa neno moja la unyonyaji, wenye mashamba makubwa ya miwa na wenye vyerehani barazani pamoja. Aliyesema kwamba mali ni ya damu hakuwa na sababu ya kumtenga maskini na tajiri.

Tanzania bara haikufika huko. Lakini mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja kabila, ila wengi wa wenye majengo hayo walikuwa Wahindi, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Familia nyingi zilihamia Uingereza na Kanada. Walichopoteza ni nini? Ni ile sehemu ya mali ambayo babu zao hawakuwa nayo Bagamoyo: mawe na saruji, mali isiyosafiri. Katika miaka ya amani waliigeuza faida ya daftari kuwa nyumba, kama Mwarabu alivyoigeuza faida ya msafara kuwa shamba, na dola ilipogeuka nyumba zilibaki na wao wakaondoka. Waliondoka na kile walichokuja nacho, elimu ya hesabu na watu wa kuwapokea ng'ambo, na kwa hicho wengi walianza upya.

Ikiwa sababu hii ni sahihi, basi kazi ya mwanafunzi wa historia ya pwani yabadilika. Atakapoikuta jamaa iliyotajirika na jirani yake iliyodidimia, yampasa aulize kwanza: kila mmoja aliruhusiwa kumiliki nini, kwa sheria ya nani? Mali yake ilikuwa ya kubebeka au ya kuota mizizi? Nani alimpokea siku ya kwanza, na nani alimlimia? Baada ya maswali hayo, kama litabaki jambo la kuelezwa kwa tabia, na alieleze. Katika Bagamoyo, nijuavyo mimi, linalobaki ni dogo sana.